Dereva Aliyewajua Wambuti

Jairo Simwinga hakuwa mwongo wa kumdhuru mtu. Hakutapeli, hakuvunja nyumba ya mtu, na mbele ya askari wa barabarani alikuwa mkweli hadi anakera. Uongo wake ulikuwa mmoja tu, nao aliufuga nyumbani kwake mwenyewe, hapo Tunduma. Alimwambia bintiye Gloria kwamba anawajua watu wa msituni kule Kongo.

Ulianza kwa nia njema, kama uongo mwingi unavyoanza. Gloria alikuwa na miaka sita, ana homa, na amegoma kunywa dawa mpaka aongee na baba. Baba yuko Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo, kwenye foleni ya malori isiyosogea, simu ina chaji kidogo. Basi Jairo akamtungia Mzee Bolongo, mtu mfupi wa msituni anayekaa juu ya mti na kumpungia mkono kila lori lake linapopita. Gloria akacheka, dawa akanywa. Kesho yake swali la kwanza likawa, "Mzee Bolongo hajambo?" Sasa hapo ungejibu nini? Jairo akasema hajambo, na ametuma salamu.

Miaka minne ikapita hivyo. Mzee Bolongo akaoa, akapata watoto tisa na chui wa kufuga. Mwaka jana aliumwa jino, na Gloria akamwombea kanisani.

Watu wa Tunduma wana kosa lao moja ambalo sijalisikia kwingine. Kwa kuwa malori ya Kongo yanapita mlangoni kwao usiku na mchana, wanadhani aliyefika Kongo amefika Kongo yote. Jairo alikuwa anafika Lubumbashi na Kolwezi, kwenye machimbo ya shaba, ambako miti ni ile ile ya kwao Momba na vumbi ni jekundu vile vile. Kutoka huko hadi kwenye msitu mkubwa ni mbali kuliko kutoka Tunduma hadi Dar es Salaam. Msitu wenyewe hakuwahi kuuona hata kwa mbali. Lakini nani angemuuliza?

Aliyemuuliza alikuwa Mwalimu Fausta wa Darasa la Nne.

Jumanne hiyo Jairo aliingia kutoka Zambia akiwa na mzigo wa magogo, akaegesha yadi kusubiri makaratasi ya forodha, akaenda nyumbani kuoga na kula. Hata hajakaa sawasawa, mkewe Ketrina akamwambia, "Baba Gloria, kesho saa tatu unatakiwa shuleni."

"Amepigana?"

"Hajapigana. Wanasoma habari za watu wa misitu ya mvua. Mwanao amesimama mbele ya darasa zima akasema baba yake anawajua Wambuti kama anavyowajua majirani. Mwalimu ameomba ukawaeleze watoto."

Jairo aliweka kijiko chini. Ketrina, ambaye alijua fika mumewe anaishia wapi, alimwangalia kwanza kwa huruma, kisha ikamshinda, akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Cheka tu," alisema Jairo.

"Nisicheke nini? Umejitakia, baba. Chui wa kufuga!"

Gloria mwenyewe aliingia mbio akiwa ameshika shati jeupe la baba yake. Alikuwa amelipiga pasi kwa mkono wake, kola imekunjamana upande mmoja. Hakutembea, aliruka. Alisema darasa lote linamsubiri, hata wa Darasa la Tano wameomba kuja, hata Tulinagwe, aliyesema hadharani kwamba Gloria anadanganya, kesho atanyamaza kabisa. "Baba, utamfunga mdomo! Eti baba?"

"Eee," alisema Jairo.

Asubuhi alimpigia wakala wa forodha kabla hata hajapiga mswaki. Kwa miaka kumi na moja amewalaani mawakala kwa kuchelewesha makaratasi. Siku hiyo alimbembeleza ayatoe upesi. Wakala akamwambia atulie, mtandao uko chini, labda jioni. Hivyo mlango wa kutokea ukafungwa, na Jairo akavaa shati lenye kola iliyokunjamana. Njia nzima Gloria alimshika mkono, akawa anamtambulisha kwa kila wanayepishana naye, muuza vocha, mama wa vitumbua, na mbadilisha fedha wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, aliyemsalimu kwa Kibemba, "Mulishani!" akajibiwa na mtoto badala ya baba. Ule mkono mdogo ulikuwa wa moto kwa furaha. Wa Jairo ulikuwa na jasho.

Darasani walikuwa watoto themanini na tatu, watatu watatu kwenye dawati, na wengine dirishani. Waliposimama kwa pamoja na kupaza "Shikamoo mgeeeni!" bati lilitetemeka.

"Marahaba. Kaeni," alisema Jairo, na sauti yake ikatoka nyembamba.

Mwalimu Fausta alikuwa mwanamke mfupi mwenye haraka, wa wale walimu wanaofundisha kwa mwili mzima. Alikuwa amechora ramani ya Afrika ukutani kwa chaki za rangi, na katikati yake doa kubwa la kijani. Nje ya dirisha kilisimama kibanda cha matawi yaliyopindwa na kuezekwa kwa majani ya migomba, ambacho wasichana wa darasa walikuwa wamekijenga wiki nzima. Jairo alikiona, akakipita kwa macho bila kufikiri, na hilo likaja kumponza.

Alianza vizuri, lazima tumpe haki yake. Aliwasimulia lori lenye matairi ishirini na mbili. Aliwasimulia mzani na foleni, na akaiga honi ya mteremko wa Mbeya mpaka dirishani wakapiga makofi. Gloria, dawati la mbele, alikuwa anang'aa. Kila baba yake akisema neno, alijigeuza kumtazama Tulinagwe.

"Sasa tueleze msituni," alisema Mwalimu Fausta, macho yamemtoka kwa hamu. "Wanangu wamejiandaa na maswali."

"Eee, msituni. Huko kuna hao mbilikimo..."

Darasa likaguna kwa pamoja. Mikono ishirini ilikuwa juu.

"Hatusemi hivyo!" alipaza mtoto mmoja. "Mwalimu amesema ni neno la dharau!"

"Ni Wambuti! Na wengine Wabaka, na Watwa!"

"Samahani, Wambuti," alisema Jairo. "Hao ni watu wema sana. Siku moja mvua ilinikamata, wanaume wao wakanijengea kibanda palepale, nikalala."

Minong'ono ikatambaa kutoka dawati hadi dawati. Tulinagwe alisimama. Alikuwa msichana mrefu, mikono nyuma, heshima zote, na sauti ya hakimu.

"Mgeni, kwa Wambuti wanaojenga kibanda ni wanawake. Wanaume hawajengi. Ndiyo maana hiki chetu tumejenga wasichana."

"Labda wanawake walikuwa wameenda kisimani!" Gloria aliruka kumtetea baba yake. "Baba, si walikuwa kisimani?"

"Walikuwa kisimani," alisema Jairo.

"Msituni wana vijito," alisema Tulinagwe. "Mgeni, siku wakienda kuwinda kwa nyavu, wewe walikuweka upande gani? Kwa wanaume wanaoshika nyavu, au kwa wanawake na watoto wanaopiga kelele kufukuza wanyama?"

Hapo Jairo alisimama kama mtu aliyekanyaga breki. Watoto hawa walikuwa wanajua! Walijua kwamba wawindaji wakipata nyama kila familia ya kambini inapata fungu. Walijua kwamba msimu wa asali ni sikukuu, na kwamba watu wale huuita msitu baba na mama, na usiku huuimbia. Walijua kwamba ni watu wa leo, si wa zamani, wapo sasa hivi, wengine wana simu na wengine wako mashuleni. Aliyekuwa hajui kitu mle ndani ni yeye peke yake, mzee mzima aliyevaa shati la pasi.

Mwalimu Fausta aliona. Mwalimu mzuri huona. "Nadhani mgeni wetu amechoka na safari," alisema taratibu. "Tumpigie makofi, maswali mengine tutamwandikia."

Mlango huo ulikuwa wazi kabisa. Angepita, angepigiwa makofi, angemwachia Gloria ushindi wake na kesho angekuwa barabarani. Lakini alimtazama mtoto wake. Gloria alikuwa amekaa ukingoni mwa dawati, midomo inatikisika, anamtafutia baba yake jibu. Anatunga. Mtoto wa miaka kumi alikuwa ameanza kutunga uongo mbele ya wenzake themanini ili kuuokoa wa baba yake, na Jairo akajisikia vibaya kuliko alivyowahi kujisikia tangu aanze kushika usukani.

"Sijachoka, mwalimu," alisema. "Sijawahi kuwaona. Ninaishia Lubumbashi na Kolwezi, na huko hakuna msitu wa mvua. Mzee Bolongo nilimtunga mimi, Gloria akiwa mgonjwa. Mwanangu hajawadanganya. Mimi ndiye niliyemdanganya yeye."

Hakuna aliyecheka. Angefurahi kama wangecheka. Gloria aliinamisha kichwa juu ya dawati, akakifunika kwa mikono yote miwili, na utepe wa nywele zake ukawa unatikisika.

Mwalimu Fausta alikohoa. Akatafuta chaki, akaikosa, na ilikuwa mkononi mwake. Kisha kutoka dirishani mtoto mmoja wa Darasa la Tano, asiyejua kusoma hali ya chumba, akauliza, "Sasa huko Kongo huwa unafuata nini?"

"Shaba," alisema Jairo, akishukuru kwa swali lolote lile. "Safari hii si shaba, ni magogo. Yako yadi hapo, nyuma ya kituo cha mafuta."

"Magogo ya wapi?" aliuliza Mwalimu Fausta.

"Nilipakia Lubumbashi. Lakini hayakuvunwa pale. Yaliletwa na treni kutoka kaskazini, karatasi zinasema Kindu."

Chaki ilianguka. Mwalimu Fausta alikuwa ameshafika ukutani, kidole chake kinapanda ramani kutoka Lubumbashi, juu, juu, kinafuata mto, na watoto wote wanapanda nacho kwa shingo. Kikasimama. Kilikuwa ndani ya rangi ya kijani.

"Msituni!" lilipasuka darasa.

"Baba Gloria," alisema mwalimu, na sasa sauti yake ilikuwa imepoteza adabu yote ya ualimu, "umeuleta msitu Tunduma, umeuegesha kituo cha mafuta, na unatuambia hujawahi kuuona?"

Sitaeleza walivyotoka. Walipangwa mistari miwili, mistari ikadumu mpaka getini. Mwalimu mkuu alichungulia akauliza kuna nini, akaambiwa "Jiografia!" na mwalimu ambaye tayari alikuwa barabarani ameinua mikono kusimamisha bodaboda. Gloria alitoka wa mwisho. Baba yake alimngoja mlangoni, mtoto akampita bila kumtazama.

Yadi ilikuwa na malori kama arobaini, na la Jairo lilikuwa la mwisho, ukutani. Magogo matatu tu yalikuwa yamejaza trela lote, yamefungwa minyororo minene kama mkono. Watoto, waliokuja na kelele ya kuamsha mji, walifika pale wakasimama wakiyatazama. Kisha wakalipuka upya. Wanne walijaribu kulipima moja kwa kunyoosha mikono, wakatumia kamba, wakagundua kwamba hata wakishikana hao wanne hawalizunguki. Waligombana wakihesabu pete za umri kwenye uso uliokatwa. Mmoja alifika mia na tisini akapotea, akaanza tena. Mwalimu Fausta alinusa gome akafumba macho. Alikuwa amefundisha mada hiyo miaka tisa, na huo ndio mti wa kwanza wa msitu huo aliougusa.

Jairo alizunguka nao akihakikisha hakuna anayepanda. Alikuwa amelivuta gogo lile siku sita. Alijua uzito wake kwa kilo, alijua namba yake ya rangi nyekundu, alijua linavyoyumbisha trela kwenye kona. Hakuwahi kulitazama.

"Mwalimu!"

Ilikuwa sauti ya Gloria. Hakuwa na wenzake. Alikuwa amejitenga upande wa pili, kati ya trela na ukuta, mahali ambapo mtoto aliyenuna huenda. Alikuwa ameangalia juu. "Mwalimu, njoo! Mtu amekata hapa!"

Wakamiminika. Juu, ubavuni mwa gogo, kulikuwa na tundu lenye ukubwa wa sahani. Halikuwa tundu la kuoza wala la msumeno. Kingo zake zilikuwa na alama fupi fupi, za zamani, moja juu ya nyingine, na gome lilikuwa limeanza kuzifunika. Juu yake mti ulikuwa mweusi.

"Shoka dogo," alisema Mwalimu Fausta polepole.

"Na moshi!" alipaza mwingine. "Pale peusi ni moshi!"

Tulinagwe alimgeukia Jairo. Sauti ya hakimu ilikuwa imemtoka kabisa. "Mgeni, niinue! Tafadhali niinue!"

Jairo alimwinua mpaka usawa wa tundu. Babu yake Tulinagwe alikuwa anatundika mizinga ya nyuki huko milimani Ileje, na mtoto yule hakuhitaji kuambiwa. Aliingiza mkono, akakwangua, akautoa na kitu cheusi chini ya ukucha, akakinusa.

"Nta," alisema. Kisha akapiga ukelele, "Ni ntaaa! Walirina asali hapa!"

Nisikudanganye, mlinzi wa yadi alikuja mbio akidhani mtoto amebanwa na tairi. Akawakuta watoto themanini wanarukaruka, wanashikana mabega, wanasimuliana kwa fujo kitu walichosoma juzi kitabuni: jinsi mtu anavyopanda na kamba ya mmea, kitita cha majani yanayofuka moshi begani, shoka kiunoni, na chini yake wake kwa waume na watoto wakingojea kwa nyimbo. Mtu huyo alikuwa amepanda hapa. Mkono wake uliingia hapa! Kama alikuwa Mbuti au Mtwa au mtu wa jina jingine, mwalimu alisema hawezi kuapa, lakini alikuwa mtu na alikuwa na shoka na alipenda asali. Wote wakataka kuinuliwa. Jairo aliwainua mmoja mmoja, kila mmoja akaingiza mkono akanusa vidole, na shati jeupe likawa la kahawia, mabega yakawaka moto, naye hakutaka waishe.

Waliisha. Akabaki Gloria, amesimama palepale, mikono ameifunga kifuani.

"Aliyekuwa anarina asali hapa," alisema, na hilo ndilo neno la kwanza alilomwambia baba yake tangu darasani, "sasa anarina wapi?"

Watoto waliokuwa karibu waligeuka kusikiliza.

Jairo alifungua mdomo, na hadithi ikaja yenyewe. Ilikuwa tayari, tamu, imeiva: ana miti mingine mingi, mwanangu, msitu hauna mwisho, tena amehamia penye nyuki wengi zaidi, ametuma salamu. Alimwona Gloria anavyoitazama midomo yake. Hakuwa anangoja jibu. Alikuwa anangoja kuona baba atafanya nini.

"Sijui," alisema Jairo.

"Hukuuliza?"

"Sikuuliza. Nilipakia, nikafunga minyororo, nikaondoka. Hata tundu sikuliona. Umeliona wewe."

Gloria alifikiri. Alikuwa na hasira bado, ilikuwa wazi usoni, na haikuwa hasira ya kuisha siku moja.

"Ukirudi uliza," alisema. "Waulize wanaoshusha kwenye treni."

"Nitawauliza."

"Na wasipojua?"

"Nitakupigia nikwambie hawajui."

"Hata kama siku hiyo ninaumwa?"

"Hata kama unaumwa."

Gloria alilitazama tundu, akamtazama baba yake, kisha akafungua mikono kifuani na kuinyoosha juu.

"Basi niinue," alisema.